Ndege Mvumaji na Riziki Yake Katika Baridi

Kila sifa njema ni stahiki ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba tembo na uzito wake wote, na akamuumba ndege ambaye uzito wake haupiti wa karatasi moja ya kuandikia barua, na wote wawili akawapangia riziki wala hakumsahau hata mmoja. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye huruma yake haikukomea kwa wanadamu, bali iliwafikia ngamia, paka, mbwa mwenye kiu, na ndege aliyenyang'anywa makinda yake.

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi mambo ya swala, saumu, ndoa na malezi. Leo twaomba ruhusa kuwaeleza habari ya ndege, wala asidhani mtu kuwa ni habari ya mchezo. Sisi na watu wa nyumba yetu tumejaaliwa kuishi miaka mingi katika mji wa Seattle, kaskazini-magharibi ya Marekani, mahali ambapo mchana wa Desemba haufiki saa 9 na usiku wapita saa 15. Katika ua wa nyuma wa nyumba yetu huja ndege mdogo kupita wote mliopata kuwaona, na katika majira ya baridi ndege huyu ametutia katika maswali ya dini yetu: nini maana ya kumtegemea Mungu, wapi ulipo mpaka wa israfu, na ahadi ya mtu kwa kiumbe asiyeweza kumdai ina uzito gani. Hayo ndiyo tunayotaka kuyazungumza.

Kwanza yafaa tumjue ndege mwenyewe. Ndege hawa hawapatikani Afrika, wala Asia, wala Ulaya. Mwenyezi Mungu amewaweka katika mabara mawili ya Amerika peke yake, tangu Alaska hata ncha ya kusini, nao ni aina zaidi ya 300. Kwa kuwa mabawa yao huvuma kama nyuki wapitao, sisi twamwita ndege mvumaji. Anafanana kidogo na chozi wetu wa Pwani: wote wawili wang'ara kama hariri juani, na wote wawili wala maji matamu ya maua. Walakini hawana udugu wa nasaba. Chozi mara nyingi hutua juu ya tawi ndipo anywe; mvumaji husimama hewani mbele ya ua, mabawa yakipiga mara 40 na zaidi kwa sekunde moja, akanywa, kisha akarudi nyuma kinyumenyume kama mtu atokaye mbele ya mfalme.

Aina ikaayo Seattle wakati wa baridi yaitwa kwa jina la Anna. Jina hilo alilitoa mtaalamu wa Kifaransa, René Lesson, mwaka 1829, kwa heshima ya Anna Masséna, mke wa Duke wa Rivoli. Uzito wake ni gramu 4 au 5, na urefu wake sentimeta 10 hivi. Dume ana kichwa na koo za rangi ya waridi iliyoiva, rangi ambayo haimo ndani ya unyoya kama rangi ya nguo, bali yatokana na namna unyoya unavyourudisha mwanga. Akigeuka kidogo tu, wekundu wote huzimika akawa mweusi. Jike ni wa kijani na kijivu, mwenye kidoa chekundu kooni. Naye ndiye ajengaye kiota peke yake, kwa utando wa buibui na sufu ya mimea, akalalia mayai yake mawili na kulea makinda bila ya msaada wa dume. Huanza kazi hiyo mapema mno, hata mwezi wa Februari, ambapo theluji bado yaweza kuanguka mgongoni mwake.

Sasa msomaji atauliza: ndege wa namna hii afanya nini katika nchi ya baridi? Hakuwa wa huko. Mwanzoni mwa karne ya 20 makazi yake ya kuzalia yalikuwa California ya pwani na Baja California, kwenye jua. Wanadamu wakapanda bustani, wakaleta mikalitusi na maua ya nchi za mbali yachanuayo hata wakati wa baridi, kisha wakatundika vyombo vya maji ya sukari majumbani. Ndege akafuata riziki, hatua kwa hatua. Mwaka 1944 alionekana Victoria, katika Kanada. Baada ya miaka 73, mwaka 2017, watu wa mji wa Vancouver walimchagua awe ndege rasmi wa mji wao. Na mwaka huo huo wa 2017 wataalamu walitoa uchunguzi wao, walioufanya kwa hesabu zilizoandikwa na watu wa kawaida wakiwahesabu ndege majumbani mwao, katika mradi uitwao Project FeederWatch. Wakaona kwamba kuenea kwa mvumaji huyu katika sehemu za baridi kwafungamana na miji na vyombo vya kulishia. Kwa maneno mengine, wanadamu wamemfungulia mlango akaingia.

Habari hii yatosha kumfanya mwenye akili atulie na afikiri. Kumfungulia mgeni mlango ni jambo jepesi. Kumkirimu usiku wa baridi ndilo jambo zito.

Na usiku huo kwake ni mzito kweli kweli. Moyo wa mvumaji akiwa katika kuruka waweza kupiga mara zaidi ya 1,000 kwa dakika. Mwili wake wawaka kama jiko la makaa yaliyopulizwa, na joto lake ni karibu digrii 40. Jiko la namna hiyo lataka kutiwa kuni kila mara. Ndiyo maana hula tangu kupambazuka hata kuchwa, maji matamu pamoja na vidudu vidogo na buibui, kwani sukari ni kuni tu, na nyama ya mwili haijengwi kwa sukari. Mahali pengine hunywa utomvu katika matundu yaliyotobolewa na kigogota kwenye magome ya miti. Lakini jua likizama saa 10 na dakika 20 alasiri, na likawa halichomozi ila karibu saa 2 asubuhi, atakula nini kwa muda wote huo?

Mwenyezi Mungu amempa hila isiyofundishwa katika chuo chochote. Baridi ikizidi, au akiba ikiwa ndogo, huuzima moto wake kwa makusudi. Joto la mwili hushuka, pumzi hupungua, na moyo uliokuwa ukipiga mara mamia kwa mamia huteremka hata mara 50 hivi kwa dakika. Si usingizi wa kawaida. Ni hali iliyo baina ya usingizi na kuzimia. Mwaka 2020 wataalamu, miongoni mwao Andrew McKechnie wa Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika ya Kusini, walitangaza kwamba katika milima ya Andes ya Peru walimpima mvumaji wa aina nyingine wakamkuta joto la mwili wake limeshuka hata digrii 3.3, yaani karibu na barafu. Na kulipopambazuka akajipasha moto, akaruka. Kurudi huko huchukua dakika 20 hivi au zaidi, naye hutetemeka misuli mpaka moto uwake tena.

Katika Sura ya Az-Zumar tumeelezwa kwamba Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa kufa, na zile zisizokufa huzichukua katika usingizi, akazizuia alizozihukumia mauti na kuzirudisha nyingine mpaka muda uliowekwa. Mwanadamu hulisoma jambo hili akalikubali kwa ulimi, kisha akalala na kuamka kama kwamba kuamka ni haki yake. Sisi tulipomwona dume mmoja alfajiri yenye barafu, ameshika tawi, manyoya yamefura, macho yamefumba, hana tofauti na tunda lililokauka. Kisha tukamwona akitikisika, akafumbua macho, akapaa. Watoto wetu walinyamaza kimya. Tangu siku ile dua ya kuamka usingizini haisemwi nyumbani kwetu kwa haraka.

Ama dasturi ya kulisha, tutaieleza kwa ukamilifu, maana wako ndugu zetu wa Afrika ya Mashariki wakaao miji ile ya pwani ya magharibi, tangu California hata British Columbia, ambao huenda wakataka kufanya hivyo. Chukua kipimo kimoja cha sukari nyeupe ya kawaida, na vipimo vinne vya maji. Koroga mpaka sukari iyeyuke. Ukitumia maji moto, yaache yapoe. Usitie rangi, kwani haina faida, na wekundu wa chombo chenyewe watosha kumwita ndege. Usitie asali. Jambo hili litawashangaza wengi, kwa kuwa asali ni dawa iliyosifiwa katika Sura ya An-Nahl. Lakini ni dawa ya watu, na asali iliyochanganywa na maji huchacha upesi ikaota kuvu iwezayo kumdhuru ndege. Usitie sukari guru wala vitu vitamu vya dawa visivyo sukari. Chombo kioshwe kwa maji moto mara kwa mara, hata wakati wa baridi, na maji yakionekana na ukungu yamwagwe. Yule ambaye hawezi kuosha, bora asitundike.

Baridi ikishuka karibu digrii 3 chini ya sifuri, maji haya huanza kuganda. Hapo ndipo penye kazi. Wako watundikao taa yenye globu ya moto karibu na chombo, wako wafungao vifuko vya kupashia mikono moto, na wako wenye vyombo viwili, kimoja nje na kimoja ndani, wakivibadilisha. Sisi twafuata njia ya vyombo viwili. Usiku chombo huingizwa ndani. Na baada ya swala ya Alfajiri, ambayo kwetu Desemba huwa kama saa 12, mmoja wetu hukitoa. Ndege huja gizani, kabla jua halijachomoza, kwa sababu saa ile ndiyo saa ya hatari kwake: akiba ya usiku imekwisha, na moto mpya bado kuwaka. Mwisho wa Desemba 2021 theluji ilianguka na baridi ikashuka zaidi ya digrii 6 chini ya sifuri, siku baada ya siku. Maua yaliungua, vidudu vikatoweka. Tuligawana zamu, mama wa watoto, sisi, na watoto wenyewe, kila saa moja chombo kikibadilishwa, mpaka magharibi.

Katika siku hizo ndipo binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 9, alipouliza swali ambalo hatukuweza kulijibu kwa neno moja. Alisema, "Baba, tukisahau kutoa chombo, kisha ndege akafa, dhambi itakuwa yetu?"

Tulimwambia: swali lako lina sehemu mbili, mwanangu. Sehemu ya kwanza ni sheria. Umesikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie mwenyewe. Uzito wa kosa lake umo katika kule kumfunga. Mvumaji hakufungwa. Ni huru, anajua maua ya mtaa mzima, na nyumba nyingi zina vyombo. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya kuwalinda ndege wahamao imewakataza watu hata kumkamata. Basi hatuwezi kusema kwamba kulishwa kwake ni faradhi juu yetu kama kulishwa kwa mnyama aliye kizuizini.

Sehemu ya pili ni tabia njema, nayo haina mpaka mwembamba kama ule. Sisi ndio tuliomwonyesha mlango huu. Siku za kawaida hatuhitaji sana. Kwake sisi ni duka moja katika soko. Lakini siku za barafu maduka mengine yote hufungwa, na yeye atakuja hapa kwa sababu sisi tulimzoeza kuja hapa. Muungwana hamwiti mgeni kila siku ya kiangazi, kisha akamfungia mlango siku ya mvua. Hiyo si sheria, ni ihsani; na ihsani ni kumwabudu Mungu kana kwamba wamwona. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni ndogo. Kijiko cha sukari ni kidogo kuliko vyote. Kudumu kwake ndiko kukubwa.

Binti alifikiri, kisha akasema, "Basi mimi nitachukua zamu ya Alfajiri." Na twamshukuru Mungu kwamba mtoto ambaye zamani tulimwamsha kwa kumbembeleza, akawa ndiye atuamshaye.

Hata hivyo hatukukosa wa kutulaumu, na lawama za Waislamu wenzetu yatupasa kuzisikiliza. Mzee mmoja, mtu mwema tunayemheshimu, alituambia baada ya swala ya Isha, "Ndugu yangu, nasikia wanunua sukari kwa ajili ya ndege. Huku watu wanalala na njaa Yemen na Gaza na kwetu. Huoni kuwa ni israfu?" Tukamjibu, "Mzee wangu, maneno yako ni ya haki, na hatutaki kuyapinga kwa ubishi." Kisha tukamweleza hesabu yetu. Kikombe kimoja cha sukari chatutosha takriban juma zima; na tangu tulipoanza, pana kopo juu ya kabati ambalo kila tununuapo sukari ya ndege, hutiwa ndani yake fedha zaidi ya bei ile, na kila mwezi kopo hupelekwa kwa mayatima. Sadaka ya ndege haikuila sadaka ya watu, bali imeikumbusha. Mzee alicheka, akatia mkono mfukoni, akatoa dola 20, akasema, "Hizi za kopo, si za ndege."

Twaona, na Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba israfu ni mali kupotea pasipo faida, au kupita kiasi. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, akala katika huo mtu au ndege au mnyama, basi huandikiwa ni sadaka. Ndege ametajwa humo kwa jina lake. Wala hakuulizwa mkulima kama alimkusudia ndege. Itakuwaje basi kwa mwenye kumkusudia?

Lawama ya pili ilitoka kwa kijana mmoja msomi wa mtaa wetu. Yeye alisema kwamba riziki ya kila kiumbe iko kwa Mungu, kama tulivyoambiwa katika Sura ya Hud, na kwamba kumlisha ndege wa mwituni ni kumharibia tabia na kumfanya asihame. Kuhusu kuhama, wataalamu wasema kwamba ndege wahamao huongozwa zaidi na kufupika kwa mchana, wala si na wingi wa chakula peke yake. Yuko mvumaji mwingine wa rangi ya kutu, ambaye huzaa hata Alaska na huenda Mexico wakati wa baridi. Naye hunywa katika vyombo vile vile, na wakati ukifika huondoka zake. Huyu wa Anna hakai kwa sababu amelevywa na sukari. Wengi wao desturi yao tangu asili si kwenda mbali.

Na kuhusu riziki, twakubali kwamba Mruzuku ni Mungu peke yake. Lakini imepokewa kwa Sayyidna Umar (r.a.), katika kitabu cha Tirmidhi, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwatolea ndege mfano wa tawakkul: asubuhi hutoka na matumbo matupu, na jioni hurudi wameshiba. Wanavyuoni wametuzindua kuwa katika mfano huu ndege hutoka. Hakukaa kiotani akangoja. Mvumaji ni ushahidi wa maneno hayo. Hutoka gizani na joto lake halijatimia, huzunguka ua kwa ua, hukamata mdudu hewani, hurudi kwenye chombo, hutoka tena. Huko ndiko kumtegemea Mungu. Na mkono utundikao chombo si mshirika wa Mungu katika kuruzuku, ni mtaro tu upitishao maji. Nao ni heshima kubwa kwa mtaro kupitishiwa maji.

Tusije tukamsifu ndege huyu hata tukamfanya walii. Dume wa mvumaji ni bakhili wa ajabu. Akishapata chombo, hukaa juu ya tawi la karibu akakilinda kutwa nzima. Jike akija kunywa humfukuza, na kinda aliyekua juzi humfukuza vile vile. Hawezi kuyamaliza maji yale, hata wakija ndege kumi. Lakini hawezi kuvumilia kuona mwingine akinywa. Na kule kufukuza kwenyewe kwamla nguvu nyingi, hata analazimika kunywa tena ili apate kufukuza tena. Watoto wetu walipomwona walicheka, nasi tukawaambia: chekeni, lakini mtazameni vizuri, kwani ndege hana hesabu mbele ya Mungu kwa tabia yake, na mwanadamu anayo. Wangapi miongoni mwetu wana duka, au cheo katika jumuiya ya msikiti, au urithi wa wazee, nao wamekaa juu ya tawi wakilinda kisichopungua? Dawa tuliyoifanya ni kutundika chombo cha pili upande wa pili wa nyumba, asikoweza kukuona akiwa kwenye tawi lake. Jike akapata kunywa kwa amani. Nasi tukaona kwamba ugomvi mwingine hautaki hukumu, wataka kupanuliwa nafasi.

Liko jambo jingine la kheri lililokuja kwa njia ya chombo hiki. Desemba ya 2022 Mwenyezi Mungu alitukunjulia tukaenda Umra, jamaa yote. Kabla ya safari, ndege alikuwa katika mambo ya kupangwa, pamoja na barua na taa za nyumba. Jirani yetu wa upande wa kushoto ni mama mzee, mjane, Mkristo. Kwa miaka yote tulikuwa tukisalimiana kwa kichwa tu, na sahani ya chakula siku ya Idi. Tulipomweleza haja yetu alifurahi kuliko tulivyotazamia. Tukiwa Makka tulisikia kwamba Seattle imeingia baridi kali na mvua ya barafu, njia zote zateleza kama kioo. Tukamtumia ujumbe kwamba asitoke kabisa, mguu wake ni bora kuliko ndege wote. Tuliporudi tulimkuta ni mzima, na chombo amekihamishia kwenye dirisha la jikoni kwake, ambapo hufikiwa kwa mkono bila ya kukanyaga nje. Tangu hapo chombo kimoja ni chake. Na tangu hapo milango miwili hii, iliyokuwa ikitazamana kwa adabu, hufunguliana kwa haja. Jirani ana haki yake katika dini yetu, awe Mwislamu au asiwe. Na mara nyingine haki hiyo hukosa tu pa kuanzia.

Huenda msomaji wa Lamu, Tanga au Unguja atasema: haya ni ya nchi ya theluji, sisi yatuhusu nini? Yawahusu, ndugu zetu. Nyinyi hamna haja ya chombo wala sukari. Mungu amewapa jua na maua mwaka mzima. Chozi wenu hunywa katika ua la mgomba na ua la mshubiri bila ya kumgharimu mtu senti moja. Mnachotakiwa ni kidogo kuliko chetu. Mkijenga, acheni kipande cha ardhi nyuma ya nyumba kisichotiwa saruji, mpande kitu kichanuacho. Siku za kiangazi wekeni sahani ya maji chini ya mti, nayo ioshwe. Na mtoto akichonga manati, asiachiwe kumlenga kila kiruka. Mtume (s.a.w.) alimtania kwa upole mtoto mdogo, Abu Umayr, ndugu yake Anas, kwa ajili ya kindege chake kilichokufa, yeye mwenye kubeba mzigo wa umma mzima hakuona ni upuuzi kushiriki huzuni ya mtoto juu ya ndege. Na maswahaba walipochukua makinda, na mama yao akaja akipiga mabawa juu yao, aliamrisha warudishiwe mama yao. Haya ni mafunzo ya malezi, wala hayangojei theluji.

Nanyi vijana, hasa nyinyi mliozaliwa ugenini, mara nyingi mwasikia kwamba dini ni orodha ya makatazo. Twawaomba mjaribu jambo moja katika majira ya baridi yajayo. Kila siku, baada ya Alfajiri, kabla hamjafungua simu zenu, tokeni nje mtimize haja ya kiumbe mmoja asiyewajua kwa majina na asiyeweza kuwashukuru: ndege, paka, mti, au mzee wa nyumba ya pili ambaye ngazi yake imejaa theluji. Fanyeni siku 40, msikatize. Mtakapomaliza hamtahitaji tena kuelezwa na mtu maana ya ikhlasi, wala kwa nini jambo dogo lidumulo lilipewa daraja kubwa.

Katika Sura ya Al-An'am tumejulishwa kwamba wanyama watembeao na ndege warukao kwa mabawa mawili ni umma kama sisi. Umma huu wa gramu 4 umefuata bustani na vyombo vyetu hata ukafika kwenye barafu. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe majirani wema kwa kila umma aliotuweka karibu nao, atuhurumie kwa kuwahurumia kwetu walio dhaifu, na atuamshe kila alfajiri na miili yenye joto na nyoyo zenye shukrani. Amin.

Wabillahi tawfiq.